Safu ya Ulinzi Isiyo na Safu Kitabuni: Kisa cha Deacon Jones

Kila msimu wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, unapoisha, ligi humtunuku mchezaji aliyemwangusha kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa mpira wa timu pinzani, mara nyingi kuliko wenzake wote. Tuzo hiyo ilianza kutolewa 2013 na ina jina la David "Deacon" Jones, aliyefariki Juni 3 mwaka huohuo akiwa na miaka 74. Sasa chukua kitabu rasmi cha rekodi cha ligi hiyohiyo, utafute Jones mwenyewe aliwaangusha makwotabeki mara ngapi katika misimu yake 14. Hutapata hata sifuri. Sifuri ingekuwa jibu. Orodha ya waangushaji inaanza 1982, na Jones alivua helmeti kwa mara ya mwisho 1974.

Hicho ndicho kisa ninachotaka kukipekua hapa. Mtu amefanywa kipimo cha wenzake, na yeye hajawahi kupimwa.

Kwa msomaji anayekutana na mchezo huu mara moja kwa mwaka, saa nane na nusu usiku fainali ya Super Bowl inapoanza huku Afrika Mashariki watu wamelala, maelezo machache. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kwotabeki ndiye dereva: anapokea mpira, anarudi nyuma hatua kadhaa, anatazama mbali akitafuta wa kumrushia. Mbele yake kuna watu watano wenye miili ya makabati, kazi yao kumkinga. Akiangushwa kabla hajaurusha, nyuma ya mstari ulikoanzia mchezo, timu yake inapoteza yadi na jaribio kwa mpigo mmoja. Tukio hilo ndilo linaloitwa saki.

Asili ya neno hilo nayo ina mzozo wake. Wapo waliotajwa kuwa walilitumia mapema, lakini hakuna aliyelifanya lake kama Jones. Kwa Kiingereza lina maana ya gunia, na pia maana ya kuuteka mji na kuupora. Jones alizipenda zote mbili. Akiulizwa, alikuwa akieleza kwamba unawachukua wakingaji wote wa timu pinzani, unawatia kwenye gunia la juti, kisha unachukua gongo la besiboli unalipiga gunia. Ndivyo alivyozungumza, na ndivyo alivyocheza.

Alizaliwa Desemba 9, 1938, Eatonville, Florida, mji mdogo ulioanzishwa na watu weusi wenyewe na kusajiliwa 1887. Alianza chuo South Carolina State, akapoteza ufadhili wa masomo kwa kushiriki maandamano ya kudai haki za raia, akahamia chuo kimoja cha Mississippi kilichokuwa kikiitwa wakati huo Mississippi Vocational. Timu yake iliposafiri kwa mechi, moteli zilikataa kuwapokea, na zaidi ya mara moja wachezaji walilala kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa mazoezi wa wenyeji wao. Maskauti wa Los Angeles Rams walimgundua kwa bahati: walikuwa wakitazama filamu ya wakimbiaji wa timu pinzani, wakaona jitu la mstari wa mbele linawafukuza wale wakimbiaji na kuwapata. Wakamchukua raundi ya 14 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa 1961, akiwa mtu wa 186. Siku hizi uteuzi huo una raundi saba tu. Raundi ya 14 haipo tena.

Alipofika Los Angeles alifanya jambo ambalo nimelirudia mara nyingi kichwani nikiandika kisa hiki. Alijipa jina. Alisema kitabu cha simu cha jiji kile kina akina David Jones wengi mno, na hakuna shabiki atakayemkumbuka. Basi akajiita Deacon, yaani shemasi, ingawa ushemasi alioufanya Jumapili, siku ya mechi, haukuwa wa kupitisha sahani ya sadaka. Kijana wa miaka 22, wa raundi ya 14, bado hajaangusha mtu, tayari ameshaelewa kwamba kucheza ni kitu kimoja na kuonekana kwenye kitabu ni kitu kingine.

Alikuwa na urefu wa kama mita 1.96, uzito wa kilo 120 na ushei, na mbio zilizozidi umbo lake. Alicheza pembeni, upande wa kushoto wa mstari wa ulinzi. Hapa tusimame kidogo, maana wengi wanapitwa. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, akirudi nyuma kurusha, mwili wake hugeukia kulia. Adui anayemtokea mgongoni ni yule anayetoka upande wa pili, mlinzi wa pembeni kulia. Jones alikuwa upande ambao kwotabeki anauona. Walimwona akija. Wakingaji walimwona akija. Makocha walimwekea watu wawili, walimwona akija wote watatu, na bado alifika.

Kando yake, ndani kidogo, alikuwa Merlin Olsen, mtu mtulivu aliyeitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi mara 14. Upande wa pili Rosey Grier, aliyetoka New York Giants 1963, na Lamar Lundy pembeni kulia. Waliitwa Wanne wa Kutisha. Grier alipoumia 1967, nafasi yake ikazibwa na Roger Brown. Jones na Olsen walikuwa na mbinu ya kubadilishana njia mpira unapoanza: mmoja anakata ndani, mwingine anazunguka nje, mkingaji anabaki hajui amfuate nani. Kocha George Allen, aliyeichukua Rams 1966, aliithamini safu ya ulinzi kuliko makocha wengi wa wakati wake, na aliwaachia watu hawa wanne wafanye kazi.

1967 Rams walishinda mechi 11, wakatoka sare mbili, wakapoteza moja. Jones akatangazwa mlinzi bora wa mwaka. 1968 akatangazwa tena. Mashabiki walimwita Waziri wa Ulinzi. Magazeti yaliandika saki zake kwa namba, watangazaji walizitaja, klabu yenyewe ilikuwa na hesabu yake. Kila mtu aliziona.

Na ligi haikuziandika kwa jina lake.

Kwa nini? Jibu la haraka, kwamba zama zile hakukuwa na utaratibu wa takwimu, si kweli. Takwimu zilikuwepo, tena za kina. Tazama kisa cha Dick Lane, aliyeitwa "Night Train", yaani garimoshi la usiku. Huyu alitoka jeshini, akafanya kazi kiwanda cha ndege, na 1952 akaingia ofisi ya Rams kwa miguu yake akiwa na kitabu cha vipande vya magazeti, akaomba majaribio. Msimu huohuo, katika mechi 12, alinasa pasi 14 za wapinzani. Ligi ikaandika: 14. Msimu umerefushwa hadi mechi 14, kisha 16, kisha 17, na namba ya Lane haijafikiwa. Leo mtoto wa shule akifungua kitabu anamkuta Lane juu kabisa. Lane na Jones waliingilia mlango mmoja, klabu ileile, jiji lilelile, miaka tisa tu kati yao. Mmoja yumo kitabuni, mwingine hayumo.

Tofauti ni mpira. Takwimu za futiboli ya Marekani tangu awali ziliufuata mpira: nani ameubeba, nani ameurusha, nani ameudaka, nani ameunasa, nani ameuokota ulipodondoka. Ukiugusa mpira, karani anainua kalamu. Lane aliugusa mara 14. Pasi chache ambazo Jones mwenyewe alizinasa katika maisha yake zimeandikwa vizuri, pamoja na yadi alizokimbia nazo. Lakini saki ni tukio ambalo mpira haukwenda popote. Umebaki kwapani mwa mtu aliyelala chini. Karani alitafuta wa kumwandikia, akamwona kwotabeki na mpira wake, akaandika hasara ya timu, akageuza ukurasa.

Hasara ya timu, ndiyo, hiyo waliiandika. Hapa ndipo kisa kinaponichoma. Kitabu cha rekodi cha ligi kina hesabu ya mara ambazo kila timu iliangushiwa kwotabeki wake tangu 1963. Kwa hiyo miaka karibu yote ya Jones, ligi ilikuwa na karatasi inayosema timu fulani imeangushwa mara sita Jumapili hii, na kupoteza yadi 48, tuseme. Mwathirika alikuwa na safu yake. Mtendaji hakuwa nayo. Ni kama polisi waandike nyumba imevunjwa, mali imechukuliwa, mwizi anajulikana kwa jina na wapiga picha walikuwepo, kisha sehemu ya mtuhumiwa iachwe wazi kwa sababu fomu haina mstari huo.

Wapo watakaotaka kulifanya hili suala la rangi, na mwaka 1967 Marekani sababu za kushuku hazikupungua. Lakini fomu ile iliwakata wote. Jack Youngblood, Mzungu kutoka Florida aliyeirithi nafasi ya Jones pale Rams, amehesabiwa na watafiti saki 151.5 (nusu ni ya saki iliyofanywa na watu wawili), kwa kitabu rasmi ana 24, za misimu yake mitatu ya mwisho. Alan Page wa Minnesota Vikings alikuwa mlinzi wa kwanza kutangazwa mchezaji bora wa ligi nzima, mwaka 1971. Baadaye akawa jaji wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Minnesota. Amehesabiwa 148.5. Kitabuni hana hata moja. Ubaguzi uliokuwepo kwenye kitabu ulikuwa dhidi ya kazi, na kazi hiyo ilikuwa ya wanaume wanaochafua jezi.

Mwaka 1982 ligi iliamua saki iwe takwimu rasmi ya mchezaji mmoja mmoja. Uamuzi mwema, uliokuja katika mwaka mbaya. Wachezaji waligoma, msimu ukakatwa hadi mechi tisa, na bingwa wa kwanza rasmi wa saki katika historia ya NFL akawa Doug Martin wa Vikings, kwa saki 11.5. Simdharau Martin. Ila ukimwambia mtu aliyeshika tiketi pale Los Angeles Coliseum mwaka 1967 kwamba historia ya saki inaanza na Doug Martin, atakuuliza umekunywa nini.

Mstari huo wa 1982 ulipita katikati ya miili ya watu. Lawrence Taylor wa Giants aliingia ligi 1981, na mwaka wake wa kwanza alikuwa tayari mlinzi bora wa ligi. Saki zake 9.5 za mwaka ule hazimo. Kitabu kinasema 132.5 wakati mwenyewe aliondoka na 142. Joe Klecko wa New York Jets aliangusha makwotabeki mara 20.5 mwaka huohuo wa 1981, ukiwa mwaka bora wa maisha yake. Angezifanya miezi kumi na miwili baadaye angekuwa bingwa rasmi. Aliingia Jumba la Umaarufu la Canton, Ohio, 2023, kwa kusubiri miongo, na sina shaka kwamba ukurasa wake mwepesi ulichangia. Al Baker wa Detroit Lions alifanya 23 mwaka 1978, akiwa mchezaji mpya. Namba hiyo ni kubwa kuliko 22.5 za Michael Strahan wa Giants na T.J. Watt wa Pittsburgh Steelers, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizotangazwa kila Januari kuwa rekodi.

Jones mwenyewe hakuhitaji msaada huo kuingia Canton. Alipokelewa 1980, mwaka wake wa kwanza wa kustahiki. Waliompigia kura walikuwa na macho. Tatizo la macho ni kwamba yanazeeka na kufa pamoja na wenyewe.

Basi wakatokea watu wa kuchimba. John Turney na Nick Webster walitumia miaka mingi kupekua karatasi za mechi, zile zilizopigwa chapa uwanjani jaribio kwa jaribio: nani alishika, alikwenda wapi, nani alimwangusha. Walipitia kumbukumbu za klabu na filamu zilizobaki. Usidhani filamu zilikuwa zinasubiri kabatini. Super Bowl ya kwanza kabisa, Januari 1967, ilirushwa na vituo viwili vya televisheni, na hakuna hata kimoja kilichotunza mkanda mzima. Kama fainali ilifutwa, fikiria mechi ya Oktoba isiyo na maana kwa mtu yeyote isipokuwa kwotabeki aliyevunjwa mbavu. Julai 2021 tovuti ya takwimu ya Pro Football Reference ilizichapisha hesabu zao kuanzia 1960, kwa maandishi yaliyosema wazi kwamba si rasmi.

Jones: 173.5. Kati ya hizo, 159.5 alizifanya akiwa Rams, zilizobaki akiwa San Diego na Washington. Saki 22 mwaka 1964, 21.5 mwaka 1967, 22 mwaka 1968. Wa tatu katika historia yote, nyuma ya Bruce Smith mwenye 200 na Reggie White mwenye 198. Lakini Smith alicheza mechi 279, White 232, Jones 191. Gawanya mwenyewe: Smith karibu 0.72 kwa mechi, White 0.85, Jones 0.91. Na msimu wa Jones ulikuwa wa mechi 14. Strahan alipata 22.5 katika mechi 16. Watt katika mechi 15.

Sasa nimtetee karani, maana kesi isiyo na upande wa pili si kesi.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba namba hizi zinayumba. Kwa miaka mingi ilisemwa kila mahali kwamba Jones alifanya saki 26 mwaka 1967 na 24 mwaka 1968. Watafiti wakazishusha hadi 21.5 na 22. Kesho atakuja mwingine na mkanda mwingine, ashushe tena. Zaidi ya hapo, kabla ya 1982 hakukuwa na kanuni moja. Watu wawili wakimwangusha kwotabeki pamoja, leo kila mmoja anapata nusu. Zamani klabu inaweza kumpa kila mmoja moja kamili, na hesabu ikavimba kama andazi. Akiangushwa mkimbiaji nyuma ya mstari, mshereheshaji wa klabu anaweza kuitupia humohumo.

Ni hoja nzito, na ndiyo iliyonifanya niwaamini watafiti. Mtu anayetaka kumtukuza shujaa wake hamnyang'anyi saki nne na nusu katika mwaka wake mashuhuri kuliko yote. Namba 26 ilikuwa tamu; ingempa Jones rekodi ambayo hakuna aliyeikaribia. Wao wakafuata karatasi, karatasi ikasema 21.5, wakaandika 21.5.

Hoja ya pili ni sheria, na hii ina uzito wa mwili. Silaha ya Jones ilikuwa kofi la kichwa. Mpira ukianza tu, kiganja chake kilitua ubavuni mwa helmeti ya mkingaji. Alieleza mwenyewe mantiki yake: ukimpiga mtu kichwani, macho yake yanafumba yenyewe, na sekunde hiyo ya gizani ndiyo tu aliyoihitaji. Hakudai kuvumbua, alimtaja Grier kama aliyemtangulia, akaongeza kwamba Rembrandt naye hakuvumbua uchoraji. Ligi ilipiga marufuku kofi hilo 1977. Mwaka uliofuata iliwaruhusu wakingaji kunyoosha mikono na kusukuma kwa viganja vilivyo wazi, jambo ambalo wakingaji wa zama za Jones hawakuwa nalo. Walikinga kwa vifua na mikono iliyokunjwa. Kwa hiyo Jones alipigana na watu waliofungwa mikono, na yeye ana ruhusa ya kuwazaba makofi. Yeyote anayezilinganisha 22 zake na 22.5 za Watt bila kusema hili anauza mbuzi kwenye gunia.

Na kuna jambo lisilo la hesabu. Vile vichwa vilivyozabwa vilikuwa vya watu. Tunasimulia kofi la Deacon kwa kicheko, nami nimecheka nikiandika sentensi ya Rembrandt, lakini tunajua leo kuhusu ubongo mambo ambayo 1967 hayakuzungumzwa uwanjani. Mkingaji aliyekula makofi kwa alasiri nzima hana tuzo yenye jina lake. Kama tunalalamikia kitabu kisichomwandika mtendaji, basi tukiri kwamba kuna mwingine chini yake kabisa ambaye hata watafiti hawamtafuti.

Lakini je, tofauti ya sheria inatosha kumfungia Jones nje? Hapa karani anajikwaa na kitabu chake mwenyewe. Mwaka 1978 ligi ilibadilisha pia sheria ya pasi: mlinzi hakuruhusiwa tena kumsukuma mdakaji baada ya yadi tano. Watu waliita sheria ya Mel Blount, kwa sababu beki huyo wa Pittsburgh Steelers alikuwa akiwatesa wadakaji uwanja mzima. Kuanzia hapo kurusha mpira kukawa mchezo mwingine. Je, kitabu kimekata orodha ya warushaji mwaka 1978? La. Yadi za kabla na baada zimo kwenye jedwali moja, na msomaji anaachiwa akili yake. Pasi 14 za Lane, za mechi 12 na za mpira wa 1952, zinasimama juu ya za watu wa jana. Kama kitabu kinaweza kumbeba Lane na tofauti zake zote, kinaweza kumbeba Jones.

Halafu kuna Januari 6, 2002. Strahan ana saki 21.5, namba ileile ya Jones ya 1967, na rekodi rasmi wakati huo ni 22 za Mark Gastineau wa 1984. Mechi ya mwisho ya msimu, Giants dhidi ya Green Bay Packers, Packers wanaongoza, dakika zinakwisha. Brett Favre, kwotabeki wa Packers, anakimbilia kulia na mpira, hakuna mkingaji mbele ya Strahan, na Favre anajilaza chini taratibu kama anayetandikiwa mkeka. Strahan anamwangukia kwa upole. Saki 22.5. Rekodi. Watu walizozana wiki nzima kama ile ilikuwa zawadi, lakini hakuna aliyezozana kama iandikwe, kwa sababu kanuni ilikuwepo na karani alikuwa na safu. Simlaumu Strahan, zile nyingine 21.5 alizitafuta kwa jasho. Ninachosema ni kwamba kitabu kinachoweza kubeba tukio lile bila kuona haya hakina haki ya kuzungumzia usafi wa hesabu mbele ya Deacon Jones.

Hukumu yangu basi. Sidai namba za Turney na Webster zimezwe na kuitwa rasmi kana kwamba ziliandikwa na mwamuzi siku ya mechi. Hazikuandikwa hivyo, na kulazimisha kungekuwa uongo wa aina nyingine. Ligi ichapishe jedwali la pili, kando ya la kwanza, lenye miaka 1960 hadi 1981, na maelezo mafupi: zilikusanywa baadaye kutoka karatasi za mechi, msimu ulikuwa wa mechi 14 au pungufu hadi 1977, kofi la kichwa lilikuwa halali hadi 1976. Mistari mitatu. Asiyetaka kuzilinganisha asizilinganishe. Kinachokosekana si ushahidi, kwa sababu karatasi nyingi zilizotumika zilikuwa za ligi na klabu zake zenyewe.

Na hata hilo jedwali lisipochapwa, ligi imeshakiri kwa kinywa chake. Mwaka 2013 ilipotafuta jina la kuiweka kwenye tuzo ya muangushaji bora, ilikuwa na orodha rasmi ya miaka zaidi ya 30 mbele yake. Ilikuwa na Bruce Smith na 200 zake zilizothibitishwa. Ilikuwa na Reggie White, ilikuwa na Taylor. Ikawaacha wote wenye tarakimu, ikamchagua mtu ambaye kwa kitabu chake hajawahi kumgusa kwotabeki. Msimu huo tuzo ilikwenda kwa Robert Mathis wa Indianapolis Colts. Alikuwa na saki 19.5, zilizoandikwa moja baada ya nyingine, kila moja na tarehe yake, mpinzani wake na yadi zake.